Wakwe Hawakatai

Mzee Ruphin alikuwa hajamaliza siku mbili kaburini mwanawe Octave alipoleta michezo nyumbani. Aliileta mchana kweupe, mbele ya watu waliokaa chini ya turubai la kilio, ndani ya sanduku jeusi lililofungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki. Juu ya sanduku alikaa kijana mwenye miwani ya jua, na miwani hiyo hakuivua hata alipoinama kuwapa wafiwa mkono.

Mathilde, binti mkubwa wa marehemu, alikuwa akigawa maji. Aliutazama mkono ule ulionyooshwa, akaushika, akauachia. Kwa miaka kumi na minane alikuwa mpima damu katika kituo kimoja cha afya upande wa pili wa mji wa Kasongo. Kazi yake ilikuwa kuinamia hadubini, kuhesabu vijidudu vya malaria na kuandika idadi yao bila kuongeza wala kupunguza. Watu walimwita Madame Labo, wengine kwa heshima, wengine kwa sababu hakuna aliyewahi kumbembeleza akakubali kubadilisha jibu la kipimo.

"Huyu ni Gédéon," Octave alisema. "Ametoka Bukavu. Iko na kampuni ya jeux, michezo ya kwenye kioo."

Gédéon alifungua sanduku palepale, mbele ya picha ya marehemu iliyozungushiwa maua. Ndani mlikuwa na konsoli tano za mkononi, mpya, kila moja ndefu kama kiganja na nusu, kioo katikati, vitufe kushoto na kulia. Alizipanga kwenye benchi kama muuzaji wa samaki anavyopanga mafungu yake.

"Wale wa jeux kali tunao tayari, Madame," alimwambia Mathilde. "Hatuwatafuti hao. Tunatafuta mutu wa kawaida. Mama wa soko, motard anayengojea kliya wa kubeba kwa pikipiki, muzee. Mutu anayecheza ludo kwenye simu ili wakati upite. Swali ni moja tu: mutu kama huyo atashika hii?"

Lilikuwa swali zuri, na Mathilde alilipokea kama swali zuri. Lilipimika. Kilichomchefua ni mahali lilipoletwa.

Alimvuta ndugu yake kando, nyuma ya pipa la maji.

"Octave, hapa ni kwenye kilio."

"Ndiyo, dada yangu, yaya, ni kwenye kilio! Wapi pengine utapata watu sitini wamekaa, hawana kazi, siku tatu, hata bila kuwaita? Wanacheza karata, si wanacheza? Wanacheza dame, si wanacheza? Baba mwenyewe kwenye vilio vya watu alikuwa wa kwanza kuuliza karata ziko wapi."

Hilo lilikuwa kweli, na Mathilde hakubishana na kweli. Karata huchezwa kwenye kilio ili waliokaa wasichoke na mfiwa asibaki peke yake.

"Na wewe unapata nini?"

Octave alishusha sauti. Kampuni ingemfanya mwakilishi wake wa Kasongo na kumwachia konsoli hizi tano na nyingine ishirini, akiwa na mambo mawili. La kwanza, orodha ya watu thelathini wa kawaida waliozishika na kucheza. La pili, chumba kinachotazama barabara, chenye umeme wa jua, ambamo watu wangeingia kucheza.

Chumba cha namna hiyo katika nyumba ya marehemu kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa cha mama yao. Mama Consolée alikuwa na pumu. Mzee Ruphin mwenyewe ndiye aliyekihamishia mbele kitanda chao, miaka mitano iliyopita, kwa ajili ya dirisha kubwa. Chumba kilichobaki kilikuwa cha nyuma, ubavuni mwa jiko, na kuta zake zilikuwa nyeusi kwa moshi mpaka ukizigusa vidole vinanata.

"Mama atalala nyuma," Octave alisema. "Kwa kitambo."

"Kitambo gani?"

"Mpaka jeu ishike."

"Na isiposhika?"

"Itashika. Baba mudogo Anaclet atakata neno siku ya nne, wakati wa kuondoa matanga. Nitamwonyesha orodha. Wewe si mutu wa kuamini vipimo? Basi kaa upime."

"Nitakaa," Mathilde alisema.

Alikaa kweli. Kila alipomaliza kazi ya jikoni alirudi kwenye kigoda chake karibu na mlango, na kutoka hapo aliona benchi lote.

Wa kwanza kupewa alikuwa Asani, mume wa mdogo wao Elsa, mkulima wa Wamaza, huko Kabambare. Alikuwa amekuja kwa pikipiki hadi daraja lililokatika, na kutoka hapo kwa miguu, akiwa na mbuzi kwa kamba. Tangu afike hakuwa amekaa. Octave alimkuta ametua mzigo wa kuni.

"Mukwe wetu, jaribu hii."

Asani alijifuta mikono kwenye suruali, akaipokea konsoli kwa mikono miwili na kichwa chini, kama mtu anavyopokea kitu chochote ukweni. Kwenye kioo pikipiki ndogo ilikimbia barabarani ikikwepa ng'ombe. Asani aligonga ng'ombe wa kwanza, akagonga wa pili, akagonga ukuta. Aliendelea kugonga kwa adabu kubwa mpaka Octave aliposema "Muzuri sana!" na kuchora mstari kwenye daftari. Asani alirudisha konsoli kwa mikono miwili vilevile, akaenda kuchota maji.

"Mmoja!" Octave alimwambia Gédéon.

Jua lilipofika utosini walikuwa kumi na mmoja. Mathilde alizitazama konsoli zikipita na hakuona vitufe, aliona mikono. Aliujua kila mkono ulikotoka. Huu ulikuwa umetoka kumenya mihogo, huu kumpangusa mtoto, huu kufukia choo kwa majivu. Kwao wafiwa hawaogi mpaka siku ya nne, na joto la turubai lilikuwa joto la chungu kilichofunikwa. Kufikia saa tisa vitufe vilikuwa vikinata kwa mafuta ya mawese, mifereji ya plastiki imejaa uji mweusi wa jasho na vumbi, na kioo kimoja kilikuwa na uzi wa kamasi uliokauka ukang'aa kama njia ya konokono. Ukikaribia benchi ulisikia uchachu wa kifuniko cha kopo la maziwa kilichosahauliwa juani.

Gédéon alitema mate kwenye kioo, akakisugua kwa pindo la shati, akampa mtu mwingine.

"Usitemee," Mathilde alisema.

"Iko safi sasa, Madame."

"Sasa iko na mate yako juu ya kamasi ya mwenzako. Umeongeza, hukutoa."

Kijana alicheka, akaomba lotoko kwa wazee, akamwagia kidogo. Kuanzia hapo zilinuka uchachu na pombe pamoja.

Mathilde aliona jambo lingine, akaliweka akilini bila kulipa jina bado. Kwenye mkeka wa karata wachezaji walikuwa wanne na washauri kumi.

"Toa hiyo! Unaificha kama nyama ya mama mukwe?"

"Niache, ninafikiri."

"Unafikiri na nini, wewe? Mutu anafikiri na kichwa!"

Watu walicheka, hata mjane aliinua macho. Lakini aliyeshika konsoli aliinamia mikono yake, akakaa peke yake katikati ya watu sitini. Hakuna aliyeona anachokiona, hakuna aliyeweza kumshauri wala kumtania. Walio jirani yake walimpa mgongo taratibu, kama watu wanavyompa mgongo mtu anayekula peke yake. Na alipomaliza hakuna aliyesema "nipe mimi". Konsoli ilirudi benchini, ikangoja Octave aichukue na kumpelekea mwingine.

Asubuhi ya siku ya tatu Mathilde alitoka jikoni akamkuta Gédéon amechuchumaa mbele ya mama yake, simu juu.

Mama Consolée alikuwa ameketi kwenye mkeka wa mjane, miguu imenyooka, kichwa kimenyolewa. Mjane hapokei mikono ya watu wala hafanyi kazi mpaka matanga yaondolewe. Lakini katika mapaja yake palikuwa na konsoli, na Octave, aliyepiga goti kando, alikuwa akimkunja vidole kimoja kimoja juu ya vitufe, kama mtu anayemfundisha mtoto kushika kijiko.

"Shika tu, Mama. Hivi. Bonyeza."

Mama alibonyeza. Alikuwa amefanya kila alichoambiwa kwa siku mbili, kula alipoambiwa kula, kulala alipoambiwa kulala.

"Vizuri," Gédéon alisema. "Sasa cheka kidogo, Mama."

Mathilde alipita katikati ya watu. Hakupaza sauti. Alikiondoa kitu kile mapajani mwa mama yake, akakiweka chini kama anavyoweka kikopo cha choo kilicholetwa bila kifuniko, kisha akashika ncha ya kitenge chake na kumfuta mama vidole, kimoja baada ya kingine, mpaka kumi vikaisha.

"Umemwambia mama acheke?"

"Ni picha tu, Madame. Ya kuonyesha hata wazee..."

"Ifute."

"Lakini kampuni..."

"Ifute nikiona."

Kijana aliifuta. Mathilde alibaki amesimama.

"Sasa fungua mahali simu inapotunza picha zilizofutwa. Hapo nako, futa."

Gédéon alimtazama Octave, Octave akatazama pembeni. Picha ilifutwa mara ya pili. Mathilde aliposogea, alimsikia ndugu yake nyuma akimwuliza mwenzake kwa sauti ya chini kama mama naye ahesabiwe, maana ameshika na amebonyeza. Kisha alisikia kalamu ikiandika.

Mathilde alitoka kwenye turubai. Alizunguka nyuma ya nyumba, penye rundo la kuni, akasimama akiegemea ukuta. Wanaume wawili walikuwa upande wa pili wa rundo na hawakumwona. Sauti ya kwanza ilikuwa ya Asani. Ya pili ilikuwa ya Plamedi, kijana wa Lusangi aliyemuoa binti ya baba mudogo Anaclet mwaka uliopita.

"Umeshamaliza zako?" Plamedi aliuliza.

"Kuni nimepasua. Maji, ndoo sita. Kamashini kale ka jeu nimecheza mara mbili."

"Mara mbili! Mimi mara moja tu na kidole kinaniuma mpaka sasa."

"Shemeji Octave alipita tena, akanipa tena. Nikatae? Ili kesho waseme mukwe wa Wamaza ana kiburi?"

"Mimi ningechagua kuni. Kuni inaisha."

"Lakini niambie, ndugu yangu. Mbuzi tumeleta. Sanda tumeleta. Hii ya mukwe kucheza jeu kwenye kilio, ni desturi ya wapi? Kwetu Kabambare sijaiona."

"Unaniuliza mimi? Mimi nilifikiri ni ya ukoo huu. Nimemwuliza muke wangu, amesema wewe cheza tu, usituletee haya."

"Na wale waliooa mwaka huu bado. Shemeji wa Kabambare-katikati wanafika jioni. Tuwaonye?"

"Nyamaza. Wacha nao wafanye kazi."

Walicheka kwa kuziba midomo. Mathilde pia, kwa mara ya kwanza tangu msiba, alihisi kicheko kikimjia. Kilifika kifuani kikaishia hapo, kwa sababu alikuwa ameona jambo lote kwa mara moja, kama anavyoona kijidudu pale lenzi inaposhika.

Kwao, kama kwa jirani zao wengi, mkwe kwenye kilio hana neno. Waume wa mabinti na wake wa watoto wa kiume hutumwa, hupika, hupasua, hukesha, na chochote ambacho mfiwa atawatia mikononi hukipokea kwa adabu. Huendelea hivyo mpaka siku ya nne, mkubwa wa ukoo anapowafungua kwa maneno na kuwapa kuku wao. Octave alikuwa amezaliwa ndani ya desturi hiyo. Alikuwa ameiona tangu utoto, ndiyo maana hakuiona tena.

Mathilde aliingia ndani, akaliomba daftari. Octave alilitoa kwa fahari.

"Thelathini na nne, yaya! Wametaka thelathini, nimepata thelathini na nne."

Alisoma majina akiwa amesimama, akiweka alama ndogo ya penseli pembeni. Ishirini na tisa walikuwa wakwe na wake wa ukoo. Wawili walikuwa watoto wa chini ya miaka sita. Mmoja alikuwa mzee kiziwi ambaye, kama Mathilde alivyoona mwenyewe, aliipeleka konsoli sikioni akidhani ni redio, akaitikisa, akairudisha. Mmoja alikuwa mama yao. Wa mwisho alikuwa Octave.

"Umejiandika mwenyewe."

"Si nimecheza?"

"Na hawa ishirini na tisa, kati yao nani amekuomba umpe?"

"Kuomba kwa nini, wakati ninawapelekea?"

Mathilde alimweleza, kwa maneno machache na kwa utaratibu, alichokisikia. Alitazamia aibu, angalau kidogo. Octave alipandisha mabega.

"Kucheza ni kucheza, yaya. Kidole hakijui ukwe."

"Kidole hakijui. Mwenye kidole anajua."

"Bukavu hawajui wakwe wetu. Wanataka majina, majina haya hapa. Bon. Na chumba nimeshakitayarisha."

Mathilde alimpita, akafungua mlango wa chumba cha mbele. Kitanda hakikuwapo. Mahali pake palikuwa na meza mbili zilizounganishwa, na juu ya dirisha bango la plastiki lenye kijana wa kigeni aliyekodoa macho na kupasua mdomo kwa furaha.

Alimkuta mama yake nyuma, ameketishwa ukingoni mwa kitanda, jiko la wafiwa sitini likitoa moshi kupitia upenyo wa ukuta. Mathilde alishika mkono wake, akatazama saa yake. Pumzi thelathini na mbili kwa dakika, karibu mara mbili ya mtu aliyetulia.

"Nani amekuleta huku, Mama?"

"Octave amesema ni kwa kitambo." Alikohoa, akangoja kikohozi kimalizike. "Usigombane naye, mwanangu. Kilio kiko na watu."

Mathilde alimtoa, akamlaza kwa Elsa, katika nyumba ya jirani waliyoazimwa, na hakugombana na mtu. Kugombana kungekuwa neno lake dhidi ya neno la ndugu yake, na mbele ya baraza la ukoo neno la mtoto wa kiume lingekuwa zito. Alihitaji kitu ambacho kila mtu angekiona kwa macho yake.

Alfajiri ya siku ya nne familia ilioga. Baada ya sala walikusanyika wote chini ya turubai, na baba mudogo Anaclet, mdogo wa marehemu, akakaa kwenye kiti cha mbao katikati. Utaratibu uliojulikana ulikuwa huu: kwanza mambo ya nyumba, kisha mambo ya mjane, na mwisho kabisa kufungua wakwe. Mathilde alipiga magoti mbele yake.

"Baba mudogo, naomba kitu kidogo. Wakwe wafunguliwe kwanza."

"Kwa nini? Wana haraka?"

"Octave anataka kukuonyesha jinsi watu walivyoipenda kamashini. Nataka ionekane vizuri."

Mzee alijua kwamba mwanamke huyu hakuwa na mzaha.

"Octave, unakubali?"

"Nakubali!" Octave alisema, na kwa kweli alifurahi. Aliona dada yake amelegea.

Mathilde alizichukua konsoli zote tano. Alikuwa amekuja na spiriti na pamba kutoka kituoni, akazisafisha mbele ya watu, kitufe kwa kitufe, akizigeuza kwenye mwanga. Pamba ya kwanza ilitoka nyeusi, ya pili kahawia, na mwanamke mmoja kwenye mkeka aligeuza uso. Hakutaka kuambiwa baadaye kwamba watu walikataa uchafu. Kisha akamwomba Gédéon aziwashe zote, akazipanga kwenye mkeka mpya katikati ya baraza, akarudi kwenye kigoda chake na kuvua saa ya mkononi.

Baba mudogo Anaclet alisimama.

"Wakwe wetu," alisema, "mmebeba, mmechota, mmepasua, mmetulilia muzee wetu. Mikono yenu tunawarudishia leo. Kuanzia sasa anayekaa hapa ni mugeni, hatumwi. Mutu akimtuma, amenitukana mimi. Kuku wenu wale pale."

Wakwe walipiga makofi. Walinyoosha migongo, wakanawa mikono, wakakaa sasa kwenye viti kama watu wengine.

"Basi," mzee alisema, akionyesha mkeka. "Michezo hiyo. Anayetaka."

Mathilde alitazama saa.

Konsoli tano ziliimba kila moja wimbo wake mdogo, zikarudia, zikarudia. Dakika ya kwanza ilipita. Ya tatu, Soraya, mke wa binamu yao, aliinuka, akamkabidhi mtu mtoto wake, akachukua konsoli ya mchezo wa matunda. Alicheza kwa kutaka mwenyewe, ulimi nje kidogo. Octave alimnyooshea kidole, uso umemng'aa. Dakika sita baadaye mtoto alilia. Soraya aliweka konsoli chini.

"Iko muzuri," alisema kwa haki. "Lakini inakula mikono yote mbili. Mutoto nitamushika na nini?" Alimfunga mtoto mgongoni, akatoa simu yake, akakaa akisogeza ludo kwa kidole gumba kimoja.

Motard mmoja, mkwe wa mbali, aliichukua nyingine, akajaribu kuitia mfuko wa nyuma wa suruali, ikagoma, akaiweka alipoitoa. Kutoka pembeni mtu alitandaza mkeka mdogo. Karata zilitoka, hakuna aliyeziita. Asani alikuwa wa pili kukaa.

Octave alianza kupita katikati ya watu.

"Plamedi! Plamedi, jana ulicheza vizuri sana, njoo waonyeshe!"

Plamedi aliinua macho kutoka kwenye karata zake.

"Jana nilikuwa mukwe, shemeji."

"Na leo?"

"Leo niko mutu."

Kicheko kilianzia kwa wakwe, kikaruka kwa wake zao, kikawafikia wazee. Mmoja alijifuta macho. Mwingine alipaza sauti, "Sisi tulifikiri ni desturi ya hapa! Mimi nimeifundisha familia yangu kwa simu!" na watu wakaangua kicheko upya. Asani akasema akirudi nyumbani Wamaza atadai kamashini kwenye kila kilio. Octave alisimama katikati na daftari lake, akicheka nao kidogo kwa midomo, kama mtu aliyekanyaga kitu mbele ya wageni na kujifanya hajakanyaga.

"Nusu saa," Mathilde alisema. "Waliokuwa huru ni zaidi ya arobaini. Amecheza mmoja, dakika sita."

"Mmoja ni mwanzo!" Octave alisema. "Na yeye amesema iko muzuri!"

"Amesema. Hilo nalo liandikwe."

Baba mudogo Anaclet hakuwa amecheka. Aliomba aletewe daftari, akapitisha kidole kwenye majina, akakisimamisha karibu na mwisho.

"Consolée," alisoma. Aliliinua daftari karibu na macho, kana kwamba alikuwa ameona vibaya. "Umemwandika muke wa ndugu yangu, kwenye mukeka wa ujane, katika wachezaji?"

Kicheko kilikufa, na safari hii kila mtu alitazama chini.

"Chumba ni cha Consolée," mzee alisema, "mpaka atakapokichoka mwenyewe. Neno hilo limekwisha." Alimrudishia daftari kwa kulishika kwenye ncha.

Gédéon alifungasha sanduku haraka. Alisema, bila kumlenga mtu, kwamba Kasongo ni mji mzito, kwamba kesho angepanda Salamabila kwa wachimba dhahabu, vijana wasio na watoto mgongoni, na huko wangecheza. Mathilde alifikiri huenda ni kweli. Kuhusu Salamabila hakuwa na kipimo chochote, na hakujidai kujua. Octave alimfuata kijana mpaka barabarani akimshika mkono wa shati, akimweleza jambo. Walisikia pikipiki ikiondoka, na Octave akarudi peke yake.

Kitanda kilirudishwa na Asani na Plamedi. Hakuna aliyewatuma. Walibandua na lile bango, wakalikunja kwa ndani, na Mama Consolée akaingizwa chumbani kwake, akafunguliwa dirisha, akalala kabla hajavua viatu.

Kisha chakula kilitengwa. Siku hiyo watoto wa marehemu hula sahani moja, wali na kuku, kuonyesha kwamba aliyeondoka hakuwagawanya. Walinawa. Mathilde alikaa, Elsa kushoto kwake, Octave mbele yake. Octave alikuwa ameoga, mikono yake ilikuwa safi. Mathilde aliikagua kwa jicho la kazi yake, kucha na viungo, akitafuta sababu, hakuipata. Ndugu yake alichota wali, akaufinyanga kwa vidole vile vilivyokunja vidole vya mama yao juu ya vitufe, akala, akachota tena upande wa Mathilde, mafuta yakimchuruzika kwenye kiganja.

"Yaya, hukasiriki tena, si ndiyo?" alisema mdomo umejaa. "Mimi nimeshasahau."

Mathilde alifinyanga tonge lake. Alilileta mpaka mdomoni. Alilirudisha kwenye sahani, upande wake mwenyewe, akainuka.

"Hujala," baba mudogo alisema kutoka kwenye kiti chake.

"Nimeshiba, baba mudogo."

Mzee hakumlazimisha. Octave aliivuta sahani karibu yake, akaendelea kula.